Mboga za Porini Si Aibu

Huko Nchi Takatifu mvua za majira ya baridi zikishanyesha, akina mama wa Kiarabu, Wakristo kwa Waislamu, hutoka kuchuma khubeza, mboga inayojiotea kando ya mashamba na kuteleza kidogo kama mlenda wetu. Kitunguu hukaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka kilainike, kisha hutiwa majani yaliyokatwakatwa na maji kidogo tu, yakaiva taratibu bila kumwaga mchuzi. Mwisho hukamuliwa limau. Hapo ndipo sisi wauguzi tunapofurahi, maana limau huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani, na bila chuma damu haitengenezeki.

Gaza ilipobanwa na njaa mwaka 2024, familia nyingi zilichuma khubeza zipate cha kutia chunguni. Huku kwetu, mama mjamzito mwenye upungufu wa damu tukimwuliza kliniki amekula nini, huona haya kutaja mchunga. Atataja kabichi ya sokoni. Haya ya bure hiyo! Ila msichume kando ya barabara wala palipopuliziwa dawa, na vidonge vya kuongeza damu mlivyopewa msiviache.