Goti Halipimwi kwa Kalenda

Kaa na wapenzi wa mpira Mwanjelwa, Mbeya, au karibu na Uwanja wa Samora pale Iringa, uwaulize mchezaji aliyepasuliwa goti baada ya kuchanika ACL, kano ya ndani ya goti, atarudi lini. Utajibiwa kabla hujamaliza swali: miezi sita. Jibu hili limezoeleka kwa makocha, kwa viongozi wa timu, kwa wazazi wenye watoto wanaocheza UMISETA, michezo ya shule za sekondari, na kwa mchezaji mwenyewe, ambaye huanza kuhesabu tangu siku anayotolewa nyuzi. Mwezi wa sita ukitimia, anapewa jezi. Napinga utaratibu huo, na napinga hasa kisingizio chake, kwamba huku Nyanda za Juu Kusini hatuna namna nyingine ya kujua.

Sikatai kwamba imani hiyo ina chanzo. Kwa miaka mingi wapasuaji wenyewe waliitaja miezi sita. Isitoshe, ukilitazama goti la mwezi wa sita huoni kasoro: uvimbe umekwisha, linakunjika, halilalamiki usiku. Mchezaji wa Mbeya anapelekwa kupanda kuelekea Loleza, wa Iringa anakimbizwa hadi kwenye jiwe la Gangilonga, na wote wawili wanarudi wakitabasamu. Kocha anasema kijana amepona.

Hapo ndipo tunapokosea. Kupanda mlima kwa mstari ulionyooka kunapima pumzi, mapafu na moyo wa kazi. Kano ya ACL ina kazi nyingine: inauzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, na inalilinda goti lisijipinde pale mtu anapogeuka ghafla, anapofunga breki au anapotua kutoka hewani. Wengi huchanika bila kuguswa na mtu. Winga anakata kuingia ndani, mguu unabaki ardhini, mwili unazunguka, kisha anasikia mlio. Mchezaji anaweza kukimbia barabarani mwezi mzima bila kulijaribu goti lake hata mara moja kwa jambo lililolivunja.

Halafu kuna lile lisiloonekana kwa macho. Kano mpya haikushonwa kutoka ile ya zamani. Mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano ya msuli wa nyuma ya paja, au ya chini ya kifuniko cha goti, akakipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mfupani. Kipande hicho hakianzi kazi kikiwa imara halafu kikazidi kuimarika. Katika miezi ya mwanzo hulegea kwanza, mwili ukikijengea mishipa ya damu na nyuzi mpya, ndipo kinapokomaa taratibu, na ukomavu huo unaweza kuvuka mwaka. Maumivu huondoka mapema mno kuliko hapo. Kwa hiyo mchezaji anayesema "sisikii chochote" anasema kweli, ila kweli hiyo haituambii lolote kuhusu uimara wa kano yake.

Utafiti wa pamoja wa Delaware, Marekani, na Oslo, Norway, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia wagonjwa 106 kwa miaka miwili. Kwa kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa takriban nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na vya kuruka, 38 katika kila 100 waliumia upya; kwa waliofaulu, hawakufika 6 katika 100. Waliofaulu walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo siibebeshi mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Lakini mwaka huohuo hospitali ya michezo ya Aspetar, kule Doha, ilitoa matokeo ya wachezaji wa kulipwa 158, na yakaelekea upande uleule: waliorudi bila kutimiza vigezo sita vya kuruhusiwa walikuwa na hatari mara nne ya kuchana kano mpya.

Tazama, basi, kwamba sisemi muda haujalishi. Chini ya miezi tisa hata anayeruka vizuri angoje. Ninachosema ni kwamba miezi tisa inampa mchezaji haki ya kupimwa, haimpi haki ya kucheza.

Watu hunijibu kwa kumtaja Zlatan Ibrahimović. Aliumia Aprili 2017, akarudi Novemba ya mwaka uleule, miezi saba tu. Ni kweli alirudi. Ila kabla mwaka haujaisha alikuwa nje tena kwa goti, na msimu ule haukumpa mengi Manchester United. Machi 2018 akaondoka. Mfano wa kuigwa ni Virgil van Dijk. Aliumia Oktoba 2020, akaiacha Euro iliyochezwa kiangazi kilichofuata ingawa taifa lake lilimhitaji, akarudi kwenye mechi ya ligi Agosti 2021. Kwa mashabiki wa Ihefu, enzi timu ikicheza Mbarali, kuna Yacouba Songné: aliumia goti akiwa Yanga Novemba 2021, na alipotua kwao Januari 2023 zaidi ya mwaka ulikuwa umepita.

Kauli ya pili ninayoisikia sana ni "daktari ameshamruhusu". Twende taratibu hapa. Mchezaji wa Mbeya aliyepasuliwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, anasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kliniki. Analazwa kitandani, daktari anavuta muundi kuona kama kano imeshika, anakagua kovu, anasema maendeleo ni mazuri. Neno hilo linapanda basi pamoja naye, na likishuka Mbeya limeshageuka kuwa "ruksa ya kucheza". Daktari alisema upasuaji umeshika. Hakumwona akiruka, hakumwona akigeuka na mpira, na wala hakuulizwa kuhusu mechi ya Jumamosi.

Ndipo huja kisingizio chenyewe: vipimo viko Dar es Salaam, mashine ni ghali, sisi tufanyeje? Mashine ya kupima nguvu za paja ni ghali kweli. Lakini vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja vinavyotumika Doha na Oslo vinahitaji futi kamba ya fundi cherehani, mstari wa chokaa na mtu mwenye macho.

Vinafanyika hivi. Mchezaji anasimama kwa mguu mzima nyuma ya mstari, anaruka mbele awezavyo, anatua kwa mguu uleule na kutulia bila kuyumba. Pima. Kisha mguu uliopasuliwa. Mguu mzima ukifika sentimita 160, ule mwingine usipungue 144, yaani asilimia 90. Rudia kwa miruko mitatu mfululizo, kisha miruko mitatu ya kuvuka mstari kushoto na kulia. Lakini usiishie kwenye futi kamba. Chuchumaa mbele yake utazame anavyotua. Utaona vijana wanaofikisha 144 huku goti likiangukia ndani kuelekea mguu wa pili, kiwiliwili kikiinama mbele na mikono ikipepea kutafuta mizani. Nyonga na kifundo vimelifanyia goti kazi yake. Huyo hajafaulu, hata kama namba inasema amefaulu.

Kwa nguvu za paja, nenda kwenye jimu yoyote yenye mashine ya kunyoosha goti, ulinganishe uzito ambao kila mguu unaumudu mara kumi. Ukiona paja la mguu uliopasuliwa bado limesinyaa, jibu umeshalipata. Na jambo ambalo karibu kila timu hulisahau: mguu mzima nao hulegea kwa miezi ya kukaa bila kucheza, hivyo kulingana nao si sifa kubwa. Dawa ni kuupima mapema, mchezaji angali anasubiri zamu ya upasuaji, na kuandika namba kwenye daftari. Anapimwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya rufaa, au mwalimu wa michezo aliyefundishwa naye.

Hofu nayo ipimwe, kwa kuuliza. Mchezaji anayekwepa kugongana si mwoga. Mwili wake bado hauliamini goti. Kumzomea uwanjani Sokoine hakumponyi.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wanafunzi. Kwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi mchezoni, karibu mmoja kati ya wanne huchana tena kano, iwe ya goti lilelile au la pili. Wasichana tangu mwanzo huumia kano hii kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa mchezo uleule. Mchezaji wa ligi walau ana mkataba na huenda klabu ikamlipia. Mtoto wa sekondari wa Mafinga au Tukuyu akichanika mara ya pili, familia inauza shamba, au anabaki na goti linalochomoka hadi uzeeni.

Najua presha ya kocha. Mshahara wake uko kwenye matokeo, na kombe la ndondo halisubiri mtu. Hata hivyo namwomba kila kocha wa Mbeya na Iringa jambo moja: usimwandike kikosini mchezaji aliyepasuliwa ACL kabla ya miezi tisa kutimia, na kabla hujamwona akiruka kwa mguu mmoja mbele yako, namba zikiwa zimeandikwa. Akipungukiwa, mrudishe mazoezini kwa wiki sita, kisha umpime tena.