Nani Amesikia Sauti ya Nkambo?

Likizo iliyopita nilirudi Kinkondja, kwao mama yangu, kando ya ziwa Kisale. Wenzangu wa Haut-Lomami wanaijua safari: unafika Bukama kwa treni au kwa lori, kisha unashuka Lualaba kwa mtumbwi wa mota mpaka mafunjo yanapoanza kubana njia. Nilikwenda kuongeza rekodi za Kiluba kwa ajili ya utafiti wangu. Kabla sijafungua mfuko, bibi mmoja niliyemrekodi mwaka uliotangulia alinikalisha, akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu, nani amesikia sauti yangu?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Alikuwa ameniimbia nyimbo za kilio, zile alizomlilia kaka yake, kwa sharti kwamba zitumike kusomea lugha na zisichezwe ovyo mbele ya watu. Sasa kijana wa jirani aliyetoka Lubumbashi alikuwa amemwambia kwamba amezisikia kwenye simu ya rafiki yake. Nikamjibu, "Nkambo, sijui. Nitauliza." Niliporudi masomoni niliuliza kila mtu aliyehusika. Hakuna aliyeweza kunijibu, na si kwa sababu walificha. Hakukuwa na mahali popote palipoandikwa.

Rekodi zile zilikuwa katika hifadhidata ya mradi mdogo wa wanafunzi, iliyowekwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni ya mbali tunazozifikia kwa intaneti. Siku ya kuunganisha tulifurahi sana. Unahitaji mambo matano: anwani ya seva, namba ya mlango (PostgreSQL hutumia 5432), jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Tuliyaandika yote matano katika faili moja, tukatumiana kwa WhatsApp. Tuliokuwa kazini tuliingia kwa jina moja, na waliokwisha kuondoka waliendelea kuwa na jina hilo hilo mfukoni. Kosa halikuwa la kampuni. Lilikuwa letu, na langu mimi nikiwemo.

Ndiyo maana naandika. Hoja yangu ni hii: kitivo kinachokusanya sauti za watu kisipokee rekodi hata moja kabla daftari la ukaguzi halijawashwa, na kabla mtu hajapewa kazi ya kulisoma. Kwa daftari la ukaguzi nina maana ya orodha inayoandikwa na mfumo wenyewe: nani ameingia, saa ngapi, kutoka anwani gani, amesoma nini, amebadili nini, amefuta nini.

Wengi wetu tunadhani orodha hiyo inajiandika tu. Sivyo. PostgreSQL ikiachwa kama ilivyosakinishwa haiandiki kwamba mtu fulani amesoma jedwali fulani. Inabidi kuongeza programu kama pgAudit, kuiagiza iandike usomaji na mabadiliko, kisha kuiwasha seva upya. Kwenye wingu hali ni hiyo hiyo. Katika Google Cloud, matendo ya msimamizi, kama vile kuunda seva au kubadili ruhusa, huandikwa daima na kutunzwa siku 400. Lakini kumbukumbu za kusoma data, isipokuwa kwa BigQuery, huwa zimezimwa mpaka mwenye mradi aziwashe, na zikiwashwa hutunzwa siku 30 asipoongeza muda. Kwa maneno mengine, mfumo unakumbuka nani alijenga mlango, haukumbuki nani alipita. Nkambo aliuliza baada ya mwaka mzima. Hata kama tungaliwasha bila kuongeza muda, jibu lake lingekuwa limekwisha kufutika.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wanaisimu hata pale ambapo hakuna siri. Kamusi ya Kiluba na Kifaransa ya Van Avermaet na Mbuya ilichapwa mwaka 1954. Ukiinukuu leo, mwalimu wako anafungua ukurasa ule ule na kuona neno lile lile lenye alama zile zile za toni. Hifadhidata haiko hivyo. Mwanafunzi mwenye nia njema anaweza, kwa amri ya mstari mmoja, kuondoa alama zote za toni ili "kusafisha" data, na kesho yake sote tunachambua Kiluba ambacho hakuna mtu aliyekisema. pgAudit itaonyesha amri hiyo na jina la aliyeitoa. Haitarudisha maneno ya zamani. Kwa hilo unahitaji jedwali la historia linalotunza kila thamani kabla haijabadilishwa. Vyote viwili vinahitajika ikiwa tunataka kuita kazi yetu ushahidi.

Waluba hawakungoja kompyuta ili wajue kwamba kumbukumbu ina wenyewe. Chama cha Mbudye kilikuwa na lukasa, ubao wa mti wenye shanga na michoro, ambao aliyefundwa aliupitishia kidole huku akisimulia habari za wafalme na za nchi. Mgeni angeweza kuuona ubao, lakini kuusoma asingeweza. Kisha zikaja mashine za kurekodi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Waluba katika safari zake za 1952 na 1957, na mkusanyiko wake mkubwa umetunzwa leo katika maktaba ya muziki ya ILAM, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ni heri kwamba upo. Sauti nyingi zingepotea. Lakini santuri haina daftari. Ikishatoka, imetoka, na mwimbaji hana njia ya kujua imepigwa katika nyumba gani. Wakati ule chombo cha kuandika hayo hakikuwepo. Sisi tunacho, na tumekiacha kimezimwa.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimekwisha kuzisikia barazani. Wengine wanasema daftari hili ni upelelezi juu ya walimu na wanafunzi. Lingekuwa upelelezi kama lingefichwa. Likitangazwa kwa kila anayepewa akaunti, likihusu mkusanyiko tu wala si barua za mtu, halina tofauti na daftari la maktaba tunalotia sahihi tunapoazima kitabu. Wengine wanasema nafasi ni ghali. Hesabu inakataa: saa moja ya sauti ya WAV, chaneli moja, kwa hezi 48,000 na biti 24, inachukua takriban megabaiti 518, na mstari mmoja wa daftari kwa kawaida ni herufi mia chache. Tunalipia sauti, tunashindwaje kulipia mstari?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba daftari halimzuii mwizi. Kweli, halimzuii. Faili ikishapakuliwa na kuwekwa kwenye simu, safari yake ya mbele haionekani. Lakini tungejua ni nani aliyeipakua, siku gani, na tungekuwa na mtu wa kuanza naye mazungumzo. Leo hatuna hata huyo.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mhandisi kutoka ng'ambo. Kwanza, kila mtu awe na akaunti yake na ruhusa zinazolingana na kazi yake; kama wote wanaitwa jina moja, daftari litaandika jina hilo moja mara elfu na halitasema lolote. Anayeondoka afungiwe siku ile ile. Pili, muunganisho wowote upite kwa njia iliyosimbwa, na usajili wa kusoma uwashwe pande zote mbili: kwenye hifadhidata na kwenye ghala la faili za sauti, kwa sababu mara nyingi sauti yenyewe haimo ndani ya jedwali, jedwali linaonyesha tu mahali ilipo. Tatu, daftari litunzwe mahali ambapo msimamizi wa hifadhidata hawezi kulifuta, kwa miaka, si kwa siku 30. Nne, na hapa ndipo miradi mingi inapolala, mtu mmoja alisome kila wiki, na mfumo umtumie taarifa mara tu mtu anapopakua faili nyingi kwa saa moja au nenosiri linapokosewa mara nyingi mfululizo. Daftari lisilosomwa ni karatasi tu.

Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, iliyowekwa na sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na inagusa pia ulinzi wa data za watu binafsi. Sauti ya mtu anayejulikana kwa jina na kwa kijiji chake, kwa maoni yangu, ni data yake kabla haijawa data yetu. Lakini sitaki tufanye haya kwa kuogopa sheria. Tunapomfikia mzee tunamsomea fomu ya idhini, anatia kidole gumba, nasi tunaondoka na ahadi tuliyoiandika sisi wenyewe. Ahadi isiyoweza kukaguliwa inamfaa nani?

Nilimpigia Nkambo kabla ya kuandika makala hii. Nilimwambia kwamba nyimbo zake tumezitoa kwenye hifadhidata, zimewekwa kwenye diski moja, na diski ninayo mimi. Nikamwambia pia kwamba zile zilizokwisha kwenda kwenye simu za watu siwezi kuzirudisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ukija tena, njoo na majina."

Nataka kurudi Kinkondja mwaka ujao. Naomba kitivo kinipe hayo majina ya kwenda nayo: orodha ya ukurasa mmoja, iliyotafsiriwa kwa Kiluba, ya kila aliyefungua sauti ya mtu na sababu aliyotoa. Mpaka tuweze kumsomea mwenye sauti orodha hiyo, tuache kinasa sauti ndani ya mfuko.