Mfumo ukisuasua, usikimbilie kulaumu ‘mtandao’

Chukua mfano wa mkulima wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, ambaye mvua za masika zimemkaribia. Anafika kwa wakala wa pembejeo na namba yake ya usajili mkononi. Wakala anaingiza namba kwenye simu, anasubiri, anasubiri tena, kisha anatoa jibu lililozoeleka nchini: “Mtandao unasumbua, rudi baadaye.” Dakika kumi baadaye jirani yake anahudumiwa mara moja, dukani hapo hapo, kwa simu ile ile.

Swali la kujiuliza ni hili: kama mtandao ni mbovu, mbona huyu amepata na yule amekosa?

Jambo hili si dogo. Tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Fedha za mahindi na machungwa nazo hupita kwenye simu. Mfumo wowote kati ya hii ukisuasua, mkulima anapoteza nauli na siku ya kazi, na mvua haimsubiri.

Kuna kusuasua kwa aina mbili, na tiba zake ni tofauti.

Aina ya kwanza huwapata wengi kwa pamoja. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Hapo kosa linaonekana wazi: kila mtu analalamika, saa ile ile.

Aina ya pili huja na kuondoka. Hii ndiyo inayowatoa jasho mafundi, na chanzo chake mara nyingi kiko kwenye kompyuta zinazotunza taarifa, yaani seva.

Mfumo mkubwa hauna seva moja. Taarifa hugawanywa kwenye seva nyingi, na swali likiingia hupelekwa kwa kadhaa kati ya hizo kwa wakati mmoja. Jibu halitoki mpaka ya mwisho ijibu. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wanalielewa jambo hili. Matrekta tisa yanaweza kufikisha majani kwenye korona mapema, lakini hesabu ya siku haifungwi mpaka la kumi lililokwama njiani lifike.

Mwaka 2013, wataalamu wawili wa kampuni ya Google, Jeffrey Dean na Luiz André Barroso, walilieleza jambo hili kwa hesabu. Tuseme kila seva huchelewa zaidi ya sekunde moja mara 1 tu katika maswali 100. Swali likihitaji majibu ya seva 100 kwa pamoja, maswali 63 kati ya 100 yatachelewa. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kwa nini seva moja ichelewe? Huenda imebeba taarifa zinazoulizwa zaidi kuliko nyingine. Huenda imesimama kidogo kusafisha kumbukumbu yake, au diski yake imeanza kuchoka, au inanakili taarifa za akiba wakati wateja wamejaa. Tena mteja asiyepata jibu hubonyeza mara ya pili na ya tatu, na mzigo unaongezeka pale pale penye shida.

Hapa ndipo viongozi wengi hukosea. Wanaletewa ripoti inayoonyesha kwamba kwa wastani mfumo unajibu haraka, wanaridhika. Wastani unaficha. Cha kuuliza ni: yule mteja mmoja katika mia aliyechelewa kuliko wote alisubiri muda gani, na swali lake lilipita seva ipi? Wengine hukimbilia kununua seva mpya. Kama chanzo ni mzigo uliogawanywa vibaya, fedha zitakwisha na foleni itabaki. Fundi makini hupima kila kipande cha njia, kuanzia simu, mnara, mkongo hadi seva moja moja. Kisha hubadili kitu kimoja tu kwa wakati, ili ajue ni kipi kilichoponya.

Wakala na mfanyabiashara mdogo naye ana nafasi yake. Awe na daftari. Aandike tarehe, saa, huduma iliyokwama na muda aliosubiri. Ajaribu huduma nyingine kwenye simu ile ile: zote zikikwama, atazame simu, salio la bando au mnara, ikikwama moja tu, shida huenda iko kwa mwenye huduma hiyo. Na kwenye malipo asirudie kutuma kabla ya kuangalia salio na ujumbe, maana fedha zinaweza kwenda mara mbili.

Malalamiko ya “mtandao unasumbua” hayamsaidii fundi. Lakini mawakala watano wakionyesha kwamba kila siku ya gulio, saa nne asubuhi, huduma moja hukwama, fundi ana mahali pa kuanzia, na mwenye huduma hana pa kujificha.