Daftari la Wiki: Diski ya Shilingi 50

Jumatatu jioni nilipita soko la mji wetu, Banissa, nikamnunulia mpwa wangu diski ya katuni. "Chukua hii, mwalimu, watoto wanaipenda," kijana muuzaji aliniambia. Ilikuwa nakala, jalada lake karatasi iliyopaushwa na jua: Family Guy. Nyumbani tukaiwasha kwa umeme wa sola. Haukupita muda baba wa katuni hiyo akawa amelewa chakari, kisha yakafuata maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikazima. Mtoto ana miaka 7. "Abti (mjomba), nimekosa nini?" akaniuliza, na swali hilo limekaa nami wiki nzima.

Hakuwa amekosa, wala kijana wa sokoni hakukusudia ubaya. Kwetu mchoro unaotembea ni wa watoto, basi. Marekani mambo yalibadilika tangu Desemba 1989, The Simpsons ilipoanza kuonyeshwa; watu wazima wakawa na katuni zao za kucheka ndoa, kazi, dini na serikali.

*

Historia ya Family Guy yenyewe inafaa kujulikana na kila anayeuza au kununua diski. Ilianza Januari 1999 kwenye kituo cha Fox, na mwaka 2002 Fox wakaikatiza. Mwaka 2003 vipindi vyake vikatolewa kwa DVD, na nakala zaidi ya milioni 2 zikanunuliwa. Marudio yake ya usiku nayo yalikuwa yakivuta watazamaji. Mei 2005 kikarudishwa hewani kipindi kilichokwisha kuzikwa. Futurama nayo, iliyokoma 2003, ilirejea 2007 kwa filamu zilizotolewa kwanza kwenye diski. Mnunuzi aliyetoa pesa yake dukani alihesabiwa, na hesabu hiyo ikawarudisha wachoraji na waigizaji kazini.

Shilingi 50 zangu hazikuhesabiwa popote. Hilo linaniuma kuliko ile aibu ya Jumatatu, kwa sababu hata siku tutakapochorewa vichekesho vyetu wenyewe, nakala za namna hii zitamla mchoraji wetu kwanza.

*

Juni 2017 KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, ilipiga marufuku katuni sita za watoto kwenye televisheni, Adventure Time ikiwemo. Mimi ningeanza na alama ya umri. Bodi hiyo ina alama ya 16 na ya 18, na jalada lenye 18 kubwa lingemtosha yule kijana na lingenitosha mimi pia. Nakala ya sokoni haina alama yoyote.

*

Alhamisi, kwenye chai, wazee walikuwa bado wanasimulia miaka ya Banissa kukaa bila mbunge. Mbunge wetu Kulow Maalim Hassan alifariki Machi 2023; tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27, 2025. Kila mzee ana kisa chake cha barua iliyokosa wa kupelekewa, na kila kisa kinachekesha na kuuma papo hapo. Nilitamani kalamu ya mchora katuni Gado, ambaye XYZ Show yake ilianza 2009 kwa vikaragosi vya mpira vyenye sura za wakubwa. Mwaka 2011 Andrew Kaggia aliwageuza wanasiasa kuwa magari-roboti yanayokimbilia Ikulu katika katuni yake, Wageuzi. Kwa hiyo Kenya inaweza. Dar es Salaam nao, kwa Ubongo Kids tangu 2014, wamefundisha watoto hesabu kwa katuni ya Kiswahili. Lakini kicheko cha mtu mzima wa huku, mwenye ngamia, deni la duka na kadi ya kura, hakijapata mchoraji.

*

Ijumaa usiku mama yangu alimsimulia mjukuu wake kisa cha Igal Shidad, yule mwoga wa hadithi za Wasomali. Igal aliona kitu cheusi njiani, akadhani ni simba, akakaa usiku kucha akikibembeleza. Kulipopambazuka akaona ni kisiki, na bado hakuthubutu kukipita. Mtoto aliangua kicheko kisiki kilipoonekana. Sisi wakubwa tulicheka baadaye kidogo, pale Igal alipojua ni kisiki na akaendelea kukiogopa. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akamwambia bibi yake arudie pale tulipochekea sisi.