Porsche iliyoshindwa Safari: kwa nini wapenzi wake hawachoki kurudi?

Kila mashindano ya East African Safari Classic Rally yanapokaribia, simu huanza kulia studioni na swali huwa lile lile. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari jipya la kifahari, kwa nini asafirishe kwa meli gari la miaka ya 1970, aje kulipigisha mawe ya Taita? Wengine huuliza kwa kicheko, wengine kwa hasira, hasa wale ambao barabara ya kwao haijaona greda kwa miaka.

Tumeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu hewani muda huwa mfupi, na kwa sababu jibu lenyewe linatuhusu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Gari linalozungumzwa sana katika mashindano hayo ni Porsche 911 ya Ujerumani. Katika ukoo huo wa 911 kuna moja ambayo wapenzi wa magari ya zamani huitaja kwa heshima ya pekee: Carrera RS 2.7. Ilionyeshwa kwa umma mjini Paris mwezi Oktoba 1972. Kanuni za mashindano za wakati ule ziliitaka kampuni itengeneze angalau magari 500 ya aina moja ndipo iruhusiwe kuyaingiza mbioni. Watu wa mauzo wa Porsche walihofia kwamba hata hayo 500 yangekosa wanunuzi. Yaliisha kabla mwaka haujakwisha, na mwishowe yakatengenezwa 1,580.

Injini yake ni ya lita 2.7, yenye nguvu za farasi 210, na toleo lake jepesi kabisa halikufika kilo 1,000. Hiyo Probox inayobeba miraa na magunia sokoni kwenu, hata ikiwa tupu, haiko mbali na uzito huo. Ili kuipunguza Carrera uzito, mafundi walitumia bati jembamba na vioo vyembamba, wakaondoa karibu kila kitu cha starehe. Kwenye kifuniko cha nyuma waliweka bawa dogo lililopinda juu, ambalo watu walilifananisha na mkia wa bata. Kazi yake ni kuikandamiza sehemu ya nyuma isielee gari likiwa kwenye kasi.

Injini yenyewe iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka wala bomba la maji la kupasuka porini. Uzito wa injini unayakalia magurudumu yale yale yanayosukuma gari, kwa hiyo penye matope hushika ardhi mahali ambapo magari mengine huzungusha magurudumu bure. Wazee waliowahi kuendesha Volkswagen ile ya mgongo wa kobe watautambua mpango huo mara moja. Si ajabu, maana Ferdinand Porsche ndiye aliyeibuni Volkswagen hiyo, na mwanawe Ferry ndiye aliyeanzisha magari ya spoti yenye jina la ukoo wao.

Kwa sifa hizo mtu angetarajia Porsche iwe bingwa wa Safari. Haikuwa, na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

Mwaka 1972, Mpolandi Sobiesław Zasada aliifikisha 911 katika nafasi ya pili. Mwaka 1974, katika mvua na matope, Msweden Björn Waldegård alikuwa mbele na Carrera RS, hadi chuma kinachoshikilia gurudumu la nyuma kilipovunjika. Aliyeshinda ni Mkenya Joginder Singh, akiendesha Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu. Waldegård akawa wa pili. Mwaka 1978 kampuni ilirudi na 911 SC zilizoinuliwa juu na kuimarishwa. Zamu hii nafasi ya pili ilikwenda kwa Mkenya Vic Preston Jr. Baba yake, Vic Preston, alikuwa ameshinda Safari ya mwaka 1954 kwa Volkswagen, ile ile ya mgongo wa kobe. Gari la bei nafuu lilishinda. Ndugu yake wa kitajiri akaambulia nafasi ya pili mara tatu.

Wakati huo Safari ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Dereva alikutana na basi, ng'ombe na daraja lililozolewa na maji, na ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele na taa nyingi. Barabara zetu ndizo zilizoamua nani fundi wa kweli na nani wa kujisifu. Kwa maoni yetu, hili ndilo linalowavuta wapenzi wa Porsche hadi leo. Ulaya gari hili lilishinda sana, na ushindi ukizidi huzoeleka. Huku liliacha deni.

Ila tusidanganyane. Nyingi ya 911 zinazopita kijijini kwenu wakati wa Safari Classic si Carrera RS halisi. Ni 911 za kawaida za miaka ya 1970, zilizofumuliwa hadi bati tupu na kuundwa upya kwa ajili ya njia mbaya. Carrera RS halisi iliyotunzwa vizuri huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani, na zile nyepesi kabisa zimepita dola milioni 1, yaani zaidi ya shilingi milioni 120 za Kenya. Wenye nazo wengi wanazifungia ndani na kuzitoa siku ya jua.

Kwa hiyo wapenzi hawa ni wa namna mbili, na wao wenyewe hubishana. Mmoja anapenda gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Atalala chini na tochi kuhakikisha namba ya injini na namba ya chesisi zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, sawa na unavyofanya unapokagua kitabu cha umiliki kabla ya kununua pikipiki ya mtumba. Mwingine anasema gari lililoundwa kukimbia likisimama limekufa, afadhali lipasuke taa huko Amboseli. Sisi tuko na huyu wa pili, ingawa ni rahisi kusema hivyo wakati gari si letu.

Huyo wa kwanza, hata hivyo, ana jambo la kutufundisha. Gari lenye historia iliyothibitishwa huwa na thamani kubwa kuliko pacha wake asiyekuwa na ushahidi. Picha, kadi ya muda iliyopigwa muhuri kituoni, daftari la fundi, vyote hivyo hutafutwa na kununuliwa. Na sehemu ya historia hiyo ilitokea mbele ya milango yetu. Kuna watu katika vijiji vyetu waliosukuma magari hayo yalipozama kwenye matope, waliowauzia mafundi chai, waliopiga picha kwa kamera ya kuazima. Majina ya madereva yako vitabuni. Ya waliosukuma hayako.

Picha ikiliwa na mchwa, haitengenezwi nyingine. Kwa hiyo kabla hujachoma makaratasi ya marehemu babu, yapekue. Ukikuta picha ya gari la Safari, ipige kwa simu yako, uandike nyuma yake mwaka, mahali na aliyekuwepo. Akija mtu kuitaka, usiiachie siku hiyo hiyo kwa bei ya soda.

Na siku magari yatakapopita, wazuieni watoto wasisimame upande wa nje wa kona. Gari likiteleza huenda huko, na lile la injini nyuma hutupa mkia kwa nguvu kuliko mengine.

Waldegård alikuja kushinda Safari mara nne kwa magari mengine, Ford kwanza, kisha Toyota. Mwaka 2011, umri wake ukiwa umepita miaka 65, alirudi kwenye Safari Classic akiwa ndani ya Porsche 911, mwanawe Mathias ameketi kando yake akimsomea njia. Walishinda. Alifariki miaka mitatu baadaye.

Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa barabarani Pasaka ile ya 1974, mwulizeni alisimama wapi na aliona nini. Mrekodini kwa simu. Tungependa sana kuisikia sauti hiyo hewani.