Kituo Mnamfungia, Mafunzo Mmempelekea?

Jamani wadau, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Juzijuzi nilikuwa Ikinga, wilayani Ileje. Kwa ninyi mnaodhani mkoa wa Songwe ni Tunduma na foleni ya malori ya Zambia tu, Ikinga iko huko milimani, ukishaiacha lami ya Mpemba–Isongole. Nilikwenda kutafuta habari ya bei ya maharage. Nikarudi na hii.

Kuna mama mmoja pale analea watoto wa wenzake wakati wazazi wako shamba. Nilihesabu watoto 27, wa miaka miwili mpaka mitano, kwenye chumba kimoja na kauwanja kenye uzio wa mabanzi. Mzazi mwenye hela anatoa hela, asiye nayo analeta mahindi, na wengine hawaleti kitu. Mama mwenyewe aliishia kidato cha nne. Siku chache kabla sijafika, ofisa mmoja (sitamtaja, wala ofisi yake) alikuja akamwambia hana usajili, hana cheti cha malezi, afunge.

Nikamuuliza, "Sasa mama, utafanyaje?"

"Mwanangu, mimi nikifunga, hawa watabaki nyumbani peke yao na moto jikoni. Huyo ofisa atakuja kuwaangalia?"

Sikuwa na jibu.

Kabla hamjaanza kusema natetea uvunjaji wa sheria, ngoja niseme ukweli wote. Sikukipenda kile chumba. Mlango ni mmoja. Jiko la kuni liko hatua chache kutoka mlangoni. Choo ni cha shimo, cha watu wazima. Mtoto wa miaka miwili akiteleza pale, nisingekuwa naandika hivi ninavyoandika. Kwa hiyo sheria ninaitaka. Nchi hii imekuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana tangu 1981, na mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto ikaichukua nafasi yake. Inataka kituo kisajiliwe na kikaguliwe, na halmashauri ikisimamie. Safi kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepinga kwamba anayekabidhiwa watoto 27 awe amefundishwa kazi hiyo.

Swali langu ni moja: afundishwe wapi, na nani?

Chuo cha serikali kinachojulikana kwa kufundisha walezi wa watoto wadogo kiko Kisangara, wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Kutoka Ikinga mpaka huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Vyuo vya watu binafsi vipo mijini, na vina ada zake. Sasa mchukueni huyu mama anayelipwa kwa debe la mahindi, mwambieni apande basi akasome, apange chumba, ale, alipe ada, huku nyumbani kaacha shamba na wanawe. Na wale 27 awaache na nani? Huko ni kumtega mtu, halafu unamlaumu kwa kunasa.

Desemba 2021, pale Dodoma, serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka mitano, 2021/22 mpaka 2025/26. Inamlenga mtoto wa kuanzia sifuri mpaka miaka minane. Maneno matamu. Mama wa Ikinga niliyeongea naye hajawahi kukaa hata siku moja kwenye semina. Kitu cha kwanza alichoona kutoka serikalini kuhusu malezi ni amri ya kufunga.

Na sisi wa mjini tusijifanye watakatifu. Wangapi kati yenu mnaosoma hapa mmewahi kuuliza cheti cha usajili kule mnakowaacha watoto wenu asubuhi, kwenye nyumba ya kupanga iliyochorwa picha za katuni ukutani? Wangapi mnamwachia mtoto binti wa kazi wa miaka 15 aliyetolewa kijijini, ambaye hajafundishwa kitu, na hakuna ofisa anayegonga geti lako?

Wenzetu wameliona tatizo hili. Nairobi kuna shirika linaitwa Kidogo, linawafuata wanawake wenye vituo vya watoto kwenye makazi duni, linawafundisha wakiwa hukohuko kazini. Afrika Kusini mwaka 2025 walianza kampeni ya kusajili vituo, wakaviweka kwa madaraja: shaba, fedha, dhahabu. Kituo kinaanzia chini kikiwa na yale ya lazima kwa usalama, kinapanda polepole. Hawakusema uwe na dhahabu kesho au ufunge leo.

Mimi napendekeza hivi. Ofisa ustawi wa jamii akifika Ikinga, cha kwanza aseme: hamisha jiko, toboa mlango wa pili, chimba choo cha watoto, nakupa miezi mitatu. Apewe usajili wa muda. Mafunzo yaletwe Itumba, makao makuu ya wilaya, wakati wa likizo, kwenye madarasa ya shule ambayo yako wazi. Hela? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hiyo ni ya wanawake. Kama tunamkopesha mama wa kuku, tushindwe mama wa watoto? Akishafundishwa, akapewa muda, bado jiko liko palepale mlangoni, hapo mfungieni. Nitakuwa wa kwanza kuandika kumsuta.

Lakini kuanza na kufuli? Hapana. Mkifunga kile chumba, wale watoto hawapotei. Wanakuwa tu mahali ambapo hakuna wa kuwakagua.

Nawasilisha. Wenye watoto, mnasemaje?