Wazee Wetu Si Maonyesho

Kila msafiri apitaye hapa Hale kwenda Tanga huiona mikonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa katani zaidi ya tani 220,000, na mikono iliyoikata ilikuwa ya manamba waliotoka Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mipaka. Wengi walirejea kwao. Wengine walibaki, wakazeeka bila mke wala mtoto. Mtu wa namna hiyo, nguvu zikimwisha, hana pa kwenda ila makazi ya wazee, kama yale ya Mwanzange, Tanga mjini.

Twauliza: akipewa kitanda na uji, je, amekwisha kuuza uso wake?

Maana siku hizi limezuka jambo la aibu. Wageni huja na katoni mbili za sabuni, nao huja na simu. Wazee hupangwa mstari, hushikishwa mche wa sabuni, hupigwa picha na shuka zao begani, na kabla ya magharibi picha zimekwisha fika Dar es Salaam na Ulaya. Hakuna aliyewauliza. Tena husimuliwa mbele ya watu kwamba huyu haoni, huyu hujikojolea. Hatutaji nyumba yo yote, kwani desturi hii imeenea, na baadhi ya wageni hao ni watu wa siasa wanaotafuta kura.

Watasema pasipo picha wafadhili hawatoi. Basi na waipige picha sabuni!

Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 16, yampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi. Haikusema isipokuwa wazee. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Kwa hiyo yatupasa kudai. Mzee aulizwe kwanza, kwa lugha aijuayo, wala asiulizwe huku zawadi imeshikwa mkononi. Aliyepotewa na kumbukumbu akigeuza uso, hilo ni jibu. Mzee mwanamume asiogeshwe na binti wa umri wa mkwewe ikiwa mlezi wa kiume yupo, na bibi vile vile asiogeshwe na kijana. Na bafuni pawe na mlango. Pasipo na fedha za mlango, khanga itundikwe leo leo.